Mkono wa Aliyetangulia

Ukitoka mjini Bariadi kwa barabara ya Lamadi, mashamba ya pamba hukatizwa na mawe. Ni granaiti, jiwe limekaa juu ya jiwe, pembe zimelika kwa jua na mvua mpaka zimekuwa mviringo, na kwenye nyufa hujipenyeza miti ambayo huwezi kujua inakula nini. Mchoraji wa leo akiyapenda atatafuta kivuli, atayatazama, atachora. Mchoraji wa China wa karne ya 17 angesimama kidogo na kujiuliza jambo ambalo kwetu linasikika kama kichekesho: haya ni mawe ya nani?

Hamtafuti mwenye shamba. Anajiuliza ni bingwa gani, kati ya mabingwa waliokufa zamani, aliyekwisha kupata namna ya kulichora jiwe la aina hii. Maana kila jiwe lilikuwa na bingwa wake. Fan Kuan, aliyeishi kaskazini karibu na mwaka 1000 katikati ya majabali magumu, aliyajenga kwa vidoa vidogo vya wino, maelfu kwa maelfu, kama matone ya mvua yaliyopiga ukuta. Dong Yuan, wa karne ya 10, aliishi kusini kwenye vilima vya udongo laini. Yeye alivuta mistari mirefu iliyolala pamoja, nyuzi za katani tupu. Li Tang wa karne ya 12 aliilaza brashi ubavu na kuiburuta kwa nguvu, jiwe likabaki na jeraha la shoka. Na Guo Xi, ambaye mchoro wake wa Mwanzo wa Majira ya Kuchipua una tarehe ya mwaka 1072, alizungusha mkono mpaka miamba yake ikajikunja kama mawingu.

Kwa mawe haya ya Simiyu mimi ningemchukua Guo Xi. Vidoa vya Fan Kuan vinataka genge lililosimama wima, na shoka la Li Tang linataka pembe kali, ambazo granaiti yetu ilikwisha kuzipoteza. Lakini hiyo ni hukumu yangu. Mchoraji wa wakati ule angefanya uteuzi wake, angechora, kisha pembeni angeandika waziwazi kwamba kazi hii imefuata mkono wa fulani, angetia tarehe na kugonga mhuri mwekundu. Anayeona wizi hapo ajiulize kwanza ni mwizi gani huandika jina la aliyemwibia.

Sababu ya kwanza ya desturi hii iko kwenye vifaa. Wino wa Kichina ni masizi, mathalani ya msonobari uliochomwa, yaliyokandwa na gundi inayochemshwa kutoka kwenye ngozi za wanyama, yakakaushwa kuwa kijiti kigumu. Mchoraji hudondosha maji kidogo kwenye jiwe la kusagia, kisha huzungusha kijiti taratibu, bila kukikandamiza, mpaka maji yageuke mazito na meusi. Akiongeza maji anapata kijivu. Akiongeza zaidi anapata ukungu wa asubuhi. Kwa wino huo mmoja anatoa jiwe la karibu, mti wa mbali na mlima unaopotea nyuma ya mawingu. Karatasi yake, ile maarufu ya Anhui, hutengenezwa kwa magome ya mti na mabua ya mpunga, nayo ina kiu. Brashi ikigusa tu, wino umezama. Hakuna kufuta, hakuna kupaka rangi nyingine juu ya kosa. Kiganja kinaning'inia hewani bila kuegemea meza, brashi imesimama wima kati ya vidole, na kinachofuata ni lazima mkono uwe unakijua kabla ya kuanza.

Mkono hujuaje? Kwa kurudia. Xie He, mhakiki wa karne ya 6, alipoorodhesha kanuni sita za uchoraji, ya mwisho aliifanya kuwa kurithisha kazi kwa kuinakili. Mwaka 1679 kilianza kuchapwa kitabu cha mafunzo kilichoitwa Bustani ya Mbegu ya Haradali: mti wa bingwa huyu, jiwe la yule, tawi baada ya tawi, ili hata kijana asiye na jamaa mwenye mkusanyo wa michoro ya kale aweze kujifunza. Wachina wenyewe walitenganisha ngazi za kazi hiyo. Kuna kuweka karatasi juu ya mchoro na kufuatisha mstari kwa mstari. Kuna kuutandika mchoro mbele yako na kuuchora kwa macho. Na kuna ngazi ya juu kabisa, ambapo mchoro wa bingwa haupo hata chumbani: umekwisha kukuingia, nawe unatunga mlima wako, mpya, usioonekana popote duniani, kwa namna ambayo yeye angeutunga.

Mtu aliyeipanda ngazi hiyo mpaka juu ni Wang Hui, aliyezaliwa Changshu mwaka 1632. Alikuwa angali kijana pale Wang Jian, mchoraji mwenye jina, alipoiona kazi yake, akampeleka kwa mzee mwingine, Wang Shimin. Huyu Wang Shimin alikuwa amefundishwa ujanani na Dong Qichang mwenyewe, mwanazuoni aliyeamua nani ahesabiwe bingwa na nani asihesabiwe, na nyumba yake ilikuwa na michoro ya kale ambayo wengi waliisikia tu kwa masimulizi. Wang Hui akafunguliwa makabati. Akanakili miaka na miaka. Alipomaliza aliweza kuchora kama karibu kila bingwa aliyemtangulia, na mwaka 1691 aliitwa Beijing kuongoza kundi la wachoraji watakaoweka kwenye karatamo kumi na mbili za hariri, yaani michoro mirefu inayoviringishwa, safari ya mfalme Kangxi kuelekea kusini. Umati, madaraja, masoko, mito, milima: kazi ya miaka kadhaa. Kazi ya ukubwa huo Wang Hui aliiweza kwa sababu mabingwa wote walikuwa mkononi mwake.

Ila faida kubwa ya kunakili haikuwa kwa wanaonakili. Ilikuwa kwa michoro yenyewe, na hapa inabidi nisimulie kisa cha karatamo moja.

Huang Gongwang alizaliwa mwaka 1269. Aliwahi kuwa karani wa serikali, akafungwa, akatoka, akaacha mambo ya ofisi na kushika dini ya Kitao. Akiwa na umri wa karibu miaka 80 alianza kuchora milima ya mto Fuchun kwa ajili ya rafiki yake, mtawa mwenzake. Aliichora karatamo hiyo kwa vipande, akitembea nayo, akiongeza mlima pale roho ilipopenda. Kufikia mwaka 1350 alikuwa ameishika zaidi ya miaka mitatu, na rafiki yake akawa na wasiwasi kwamba mtu atakuja kuinyakua.

Wasiwasi wake ulikuwa wa haki, ingawa ulichelewa kutimia. Zaidi ya miaka 100 baadaye karatamo ilikuwa mali ya mchoraji Shen Zhou. Akampa mtu aiandikie maneno pembeni; mtoto wa mtu yule akaiba na kuiuza. Shen Zhou alipoiona tena sokoni, bei ilikuwa imemshinda. Akarudi nyumbani, na mwaka 1487 akaichora upya yote kutoka kichwani. Mita kadhaa za milima, kwa kumbukumbu.

Mwaka 1650 ile ya asili ilikuwa mikononi mwa mkusanyaji mmoja, Wu Hongyu, ambaye aliipenda kiasi cha kutotaka kuiacha nyuma. Akiwa mahututi aliamuru ichomwe moto mbele yake ili afe nayo. Ikatiwa motoni. Mpwa wake akaichomoa, akatupia karatamo nyingine mahali pake ili mgonjwa asishtuke. Lakini moto ulikuwa umekwisha kula mwanzo wake na kuigawa vipande viwili. Kile kifupi, cha nusu mita hivi, leo kiko kwenye makumbusho ya mkoa wa Zhejiang; kirefu, zaidi ya mita sita, kiko Taipei. Vilikutanishwa kwenye maonyesho huko Taipei mwaka 2011, mara ya kwanza tangu moto ule.

Na ile sehemu ya mwanzo iliyoungua? Tunajua ilivyokuwa, kwa sababu mtu aliyeibiwa aliikumbuka.

Kisa hakijaisha, na kipande kinachofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Mwaka 1745 mfalme Qianlong aliletewa karatamo ya milima ya Fuchun. Ilikuwa nakala. Akaipenda, akaanza kuandika juu yake, na kwa miaka mingi aliendelea: maandishi zaidi ya 50, mpaka nafasi zote zilizokuwa anga na maji zikajaa maneno ya mfalme. Mwaka 1746 aliletewa ya kweli. Akaitazama, akatamka kwamba hii ndiyo bandia, akaamuru neno hilo liandikwe juu yake na mtumishi wake, kisha ikawekwa kabatini. Kosa la mfalme likaiokoa ya kweli na kalamu ya mfalme. Nakala ilibeba mzigo wote.

Sasa turudi kwetu, maana Usukuma nao una michoro inayojulikana kwa njia ya nakala, na hadithi yake imeishia mahali pengine.

Katika Usukuma, tangu wakati Bariadi ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Maswa, walikuwepo na wangalipo bayeye, chama cha watu wanaocheza na nyoka, wanaojua dawa za sumu, na ambao huwapokea wanachama wapya kwa mafunzo ya siri. Katika nyumba walizofundishia, kuta zilichorwa: nyoka, watu, viumbe ambavyo mwanafunzi alipaswa kuvitambua na kuvielewa. Ilikuwa picha na ilikuwa somo. Ukuta wa udongo, lakini, una maadui watatu wasiochoka, yaani mvua, mchwa na kuhama. Nyumba ikianguka, mchoro unarudi kuwa ardhi. Hilo halikumsumbua mtu maadamu nyumba inayofuata ingechorwa tena na mtu aliyefundishwa kwenye ile ya kwanza.

Aliyezipeleka picha hizo mbali ni Hans Cory. Alizaliwa Vienna mwaka 1888 kwa jina la Koritschoner, akaja nchi hii enzi za Wajerumani, akalima, akakaa, na hatimaye serikali ya Kiingereza ikamwajiri achunguze mila na sheria za wenyeji. Aliandika juu ya sheria za Wasukuma na juu ya watemi wao. Mwaka 1946 alichapisha makala kuhusu bayeye, na mwaka 1953 kitabu kizima cha michoro yao ya ukutani kilitolewa London, na picha zake ni nakala zilizotolewa kwenye karatasi. Cory alifariki mwaka 1962, na makabrasha yake yamehifadhiwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Siyo yeye peke yake. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walikaa Kondoa wakinakili michoro ya mapangoni, na kitabu cha Mary kuhusu kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1983, kilipewa jina linalosema kabisa kwamba sanaa hii inatoweka. UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Nakala za Leakey ni za uangalifu mkubwa. Alikuwa mchoraji hodari kabla ya kuwa mtaalamu wa visukuku.

Bila nakala hizo tungekuwa maskini zaidi. Hata hivyo ninapozilinganisha na ile ya Shen Zhou naona zinafanya kazi nyingine. Leakey alinakili ili kuweka kumbukumbu, na hakutarajia kwamba kesho yake angetunga mchoro mpya wa mwambani kwa mkono wa mtu wa Kondoa. Cory naye hakuwa anatafuta mrithi. Kilichohifadhiwa ni sura ya mchoro. Shen Zhou alihifadhi sura na mkono kwa pamoja, kwa kuwa alikuwa mchoraji wa milima aliyemsoma Huang Gongwang maisha yake yote. Nakala yake ina rangi, ambayo ya asili haina, na mistari yake ni minene, ya Shen Zhou mwenyewe. Mwenye kutaka usahihi wa kipimo ataipendelea kazi ya Leakey. Mwenye kutaka uchoraji uendelee ataipendelea ya mwizi wa namna hii, asiyeiba chochote.

Wasukuma wenyewe hawahitaji kufundishwa jambo hili. Walilifanyia kazi kwenye ngoma. Tangu karne ya 19 ngoma zao zimegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, na kila upande unajitaja kwa bingwa wake, Ngika na Gumha, waganga waliofahamika kwa kushindana. Ukiingia kwenye mashindano, iwe sikukuu ya Bulabo pale Bujora mwezi Juni au uwanja wa kijiji chochote baada ya mavuno, jambo la kwanza mtazamaji hutaka kujua ni kundi hili ni la upande gani. Manju mpya hutunga nyimbo mpya, huweka vijembe vya mwaka huu na majina ya watu wa mwaka huu, na anafanya hayo yote ndani ya upande wake. Dong Qichang alifanya vivyo hivyo alipowagawa wachoraji wote wa China kuwa wa kaskazini na wa kusini, mgawanyo usiohusu kabisa mahali mtu alipozaliwa. Tofauti ni kwamba Dong aliamua peke yake, akiwa ameketi kwenye maktaba, na akaupendelea upande wake bila haya. Bagika na Bagalu huamuliwa na umati: watu huhama kutoka kundi moja kwenda kutazama jingine, na aliyeachwa bila watazamaji amekwisha kujua matokeo.

Kwenye rangi na ubao, mfano ulio karibu zaidi na Wachina hapa nchini ni Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, akiuza kazi zake karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Waliobaki ni jamaa na vijana aliowafundisha, January Linda, Ajaba Abdallah, Kaspar Tedo, Adeusi Mandu na Simon Mpata, na baada yao wakaja wanafunzi wa wanafunzi. Ushirika wao ukasajiliwa mwaka 1990. Mitindo ikaongezeka, rangi zikawa nyingi, jina likabaki la marehemu.

Tatizo la Tingatinga liko sokoni, na Wachina walilijua mapema. Kazi inayosema imefuata mkono wa bingwa na kazi inayojidai kuwa ya bingwa mwenyewe zinaweza kutoka kwenye brashi ileile siku ileile. Zhang Daqian, aliyefariki mwaka 1983, alikuwa mchoraji mkubwa wa zama zake na pia mghushi mkubwa wa zama zake; michoro yake ya "kale" iliingia kwenye makumbusho ya heshima Ulaya na Marekani. Kinachotenganisha heshima na ulaghai hapo ni maandishi madogo ya pembeni.

Wapo pia waliochoka na mpango mzima. Shitao, aliyeishi wakati mmoja na Wang Hui, alikataa kujifunga kwa mkono wa mtu yeyote na akachora milima inayoonekana kama imezaliwa jana. Mwanzoni mwa mwaka 1919 Chen Duxiu, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Kikomunisti cha China, alitaka uchoraji wa akina Wang uangushwe, akiona ni kunakili juu ya kunakili kusikotazama dunia. Alikuwa na hoja. Ukipitia michoro ya wafuasi wa wafuasi wa Wang Shimin utaona milima ileile, mto uleule, kibanda kilekile chini ya misonobari, na utasinzia. Hata Tingatinga ina tembo ambao wamechorwa na mkono uliokwisha kulala.

Lakini kwa Simiyu hoja ya Chen Duxiu inakuja kabla ya wakati wake. Anayelalamika kwamba nakala ni nyingi mno ana mabingwa wa kuchagua. Vifaa si shida: masizi yapo kila jikoni, ngozi za ng'ombe zipo, mpunga wa kutoa mabua unalimwa Maswa. Hata picha zenyewe, walau baadhi, ziko kwenye kitabu cha mwaka 1953. Kijana wa Bariadi mwenye mkono mzuri angeweza kuanza kwenye ukuta wa nyumba yao, ukurasa mmoja kwa wakati, na akifika pale ambapo kitabu hakimwonyeshi kitu, ajaze kwa mkono wake kama alivyofanya Shen Zhou.

Kwanza, hata hivyo, anapaswa kuomba. Picha zile zilikuwa za ndani, za watu waliokwisha kupita mafunzo, na kitabu kiliziweka mbele ya macho ya yeyote mwenye shilingi za Kiingereza za kukinunua. Bayeye hawajafa. Wanacheza hadharani, chatu shingoni, kwenye sherehe na mashindano, na ndani ya chama chao wapo wazee wanaojua nini kilikuwa cha kutazamwa na nini hakikuwa. Wao ndio wa kusema kama ukurasa fulani urudi ukutani, uchorwe na nani, na mlango uachwe wazi au ufungwe.